Risasi Zilizonuka Moshi

Kandokando ya Ilongero, miaka ile ya Mwingereza, mtu aliyetaka kuomba mbegu ya uwele kwa jirani hakwenda peke yake. Alimpitia Mughwai kwanza. Wakifika, Mughwai aliingiza mkono ndani ya kilindo, lile pipa la magome ya mti la kuwekea nafaka, akachota kiganja kimoja, akapuliza makapi, akainusa mbegu taratibu huku amefumba macho, kisha akasema ndiyo au hapana. Mbegu iliyokaa msimu mzima kwenye uchaga juu ya jiko, ikafukizwa mpaka ikawa nyeusi, haina mdudu wala unyevu, na Mughwai aliitambua kwa pua tu. Hakukosea. Mbegu isipoota, mwenye kosa alikuwa mvua, au mwenye shamba, au ng'ombe wa jirani. Hayo aliyasema mwenyewe, tena mara nyingi kuliko watu walivyotaka kuyasikia.

Jambo la pili lililompa jina ni bunduki. Alikuwa amekwenda vitani Bama kupigana na Mjapani, na jeshi la Keya la Mwingereza, akarudi na mguu mmoja unaochechemea na cheti chenye muhuri. Baraza la mtemi lilikuwa na bunduki moja kuukuu ya kijeshi, kitako kimefungwa waya, kwa ajili ya kuua wanyama waharibifu: nyani, nguruwe pori na jamaa zao wote wanaokula jasho la watu. Mughwai ndiye aliyekabidhiwa. Kila mwaka boma, yaani ofisi ya serikali, lilimpa risasi kumi, na kwa kila risasi lilitaka mkia. Risasi iliyokosa shabaha ilibidi aieleze mbele ya karani, na karani yule hakuwahi kumkimbiza nyani hata mmoja maishani mwake, kwa hiyo alikuwa na maswali mengi.

Sasa, mwaka wa arobaini na tisa mvua zilikata. Watu walichimba mizizi, wakauza ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Mwaka uliofuata uwele ulisimama vizuri, ukampita mtu kimo, na masuke yakaanza kujaa. Lakini nyani nao walikuwa wameshinda njaa, na hawakuwa na mpango wa kushinda njaa tena. Walishuka kutoka kwenye mawe makubwa makundi kwa makundi. Kabla masuke hayajakomaa, risasi kumi za boma zilikuwa zimekwisha.

Shamba la kwanza chini ya mawe lilikuwa la Febronia, dada yake Mughwai aliyemfuata kwa kuzaliwa. Febronia alikuwa mjane. Njaa ilikula ng'ombe wake wawili, ikambakizia jembe na lile shamba. Ndugu za marehemu mumewe, waliokaa Mkiwa, walikuwa wamemtumia ujumbe mara mbili. Walisema wako tayari kumpokea na kumlisha, ila angeingia nyumbani kwa shemeji yake kama mke. Febronia alijibu kwamba yeye alifunga ndoa kanisani na mtu mmoja, na mtu huyo amezikwa. Lakini maneno hayo ni ya mtu mwenye chakula. Uwele ukiliwa, angekwenda Mkiwa, na yeye alilijua hilo, na kaka yake alilijua pia.

Kwa hiyo Febronia alishinda juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, tangu mapambazuko mpaka jua linapozama, akirusha mawe kwa kombeo. Nyani walimzoea. Wanajua kabisa huyu ni mwanamke na yule ni mwanamume mwenye bunduki, usiniulize wanajuaje. Kulikuwa na dume moja lenye sikio lililochanika ambalo lilikaa chini umbali wa hatua ishirini kutoka kwenye dungu, likavunja bua, likala suke huku likimtazama usoni.

Jumbe Alute, mtu mzima wa maneno machache na hasira za karibu, aliona haiwezekani tena. Alipita nyumba kwa nyumba akakusanya mchango. Aliyekosa fedha alitoa kuku, kuku wakauzwa, na kilichopatikana akakabidhiwa Mughwai pamoja na kibali cha boma aende mjini Singida kununua risasi. Jumbe alimwambia neno moja tu, kwamba mchango wa pili hautakuwepo.

Dukani Mhindi alitoa boksi jipya kutoka kabatini, akalifungua kana kwamba ndani kuna mayai. Risasi zilikuwa zinang'aa, vichwa vyake ni laini kwa mbele, vya kupasukia ndani ya mnyama na kumwangusha palepale. Mughwai aliuliza bei. Kisha akauliza tena, labda alikuwa amesikia vibaya. Fedha yote ya kijiji ilitosha risasi sita.

Alizishika mkononi akazigeuza. Alizinusa. Zilinuka mafuta, na baada ya mafuta hapakuwa na kitu. Sita, na nyani wa lile kundi moja tu walikuwa zaidi ya arobaini, achilia mbali nguruwe. Aliwafikiria watu waliotoa kuku, jinsi watakavyotazama risasi sita zikiwa zimelala juu ya kiganja chake. Akamwambia Mhindi atarudi, na Mhindi, aliyekwisha kusikia neno hilo kwa watu wengi, akafunga boksi lake bila kinyongo.

Hakurudi. Njiani alipita kwa Bonifasi.

Bonifasi alikuwa rika lake, na walikuwa wote Bama, ila yeye hakubeba bunduki, alibeba masanduku ya risasi. Jinsi baadhi ya risasi zile zilivyosafiri kutoka huko mpaka kwenye tembe lake hakuna aliyemwuliza, na kwa kweli ni mambo ambayo mtu akiuliza anajitafutia shahidi wa kumpeleka gerezani. Mughwai alimweleza shida. Bonifasi alipanda kigoda, akapapasa uchagani katikati ya moshi, akashusha kilindo cheusi tititi, akakifuta masizi kwa kiwiko.

"Zimekaa na mbegu zangu tangu nilipotoka vitani," alisema. "Hakuna siku moto umezimika chini yake. Kwa fedha hiyo nakupa thelathini."

Mughwai aliingiza mkono ndani ya kilindo. Akachota kiganja kimoja, akapuliza masizi, akafumba macho, akanusa.

Ningekuwepo ningemkamata mkono. Maana mtu huyu alilijua somo. Jeshini aliwahi kulinda ghala ambalo kuwasha kiko mlangoni ni kifungo, na sajini aliwaimbisha kila asubuhi kwamba baruti hutaka mahali pakavu penye baridi, joto huiozesha ndani kwa ndani, na fataki iliyochoka, kile kiwashio cha kitakoni mwa risasi, huweza kukaa kimya kisha ikashtuka baadaye. Aliyajua yote hayo kwa kichwa. Lakini pua yake ilianza kazi kabla ya jeshi, ilianza kwa mama yake na bibi yake, na sasa ilipata ile harufu nzito, kavu, ya mbegu isiyo na shaka. Moyo wake ukatulia. Mtu aliyehifadhi hivi, aliwaza, amehifadhi.

Ili asionekane mjinga, alijaribu moja nyuma ya nyumba. Alilenga kisiki, akavuta, bunduki ikalia, kisiki kikatoa vumbi. Basi, alipima thelathini kwa hiyo moja, kama alivyozoea kukipima kilindo kizima kwa kiganja kimoja. Alitoa fedha, akaondoka na ishirini na tisa.

Kijijini alipokelewa vizuri mno. Jumbe Alute alipoona wingi ule alitabasamu, jambo ambalo watu walilizungumza hata baada ya yeye kuondoka. Zimetoka wapi, jumbe hakuuliza, na Mughwai hakusema. Theodora, mkewe, alizitazama tu kisha akauliza mbona nyeusi. Mumewe alimjibu kwamba mwanamke aliyekulia kwenye moshi hapaswi kuuliza swali hilo.

Siku ya tatu yake alijificha nyuma ya jiwe pembezoni mwa shamba la Febronia. Walikuwa wamekubaliana tangu usiku: Febronia akae juu ya dungu, asishuke mpaka asikie bunduki imelia. Dungu lilikuwa upande wa kulia wa Mughwai. Mbele yake palikuwa na uwele mrefu, na katikati ya uwele palikuwa na uwazi mdogo ambapo nyani walikuwa wamekwisha vunja mabua siku zilizopita. Alijua watarudi palepale. Akaelekeza mtutu kwenye uwazi ule, akangoja.

Jua lilipopanda walishuka. Kwanza majike mawili, yakasimama, yakanusa upepo. Kisha watoto, kisha wote kwa pamoja, na mabua yakaanza kulia. Dume lenye sikio lililochanika lilifika la mwisho, likakaa katikati ya uwazi kama mgeni aliyeitwa. Mughwai alilenga kifuani. Akavuta.

Ta.

Hapakuwa na kitu kingine. Ilikuwa sauti ndogo ya chuma, basi. Mughwai hakusogeza mtutu hata kidogo, maana sajini alikuwa amelipigilia hilo vichwani mwao: risasi ikikataa, usifungue komeo la bunduki, usiigeuze, tulia ulipolenga, hesabu thelathini. Alihesabu thelathini. Jasho lilimwingia jichoni. Alifungua komeo, ile risasi ikaanguka kwenye majani, akaingiza nyingine, akalenga, akavuta.

Ta.

Akaanza kuhesabu tena. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mtu anayehesabu huku amelenga haoni kitu kingine chochote. Hakumwona dada yake. Febronia, kule juu ya dungu, alikuwa amesikia ile ta ya kwanza, akaisikia na ya pili, na kwa masikio yake hiyo ilikuwa sauti ya bunduki tupu. Kaka ameishiwa, au bunduki imekufa. Na chini yake nyani arobaini walikuwa wanampeleka Mkiwa, suke kwa suke. Alivumilia kadiri alivyoweza kuvumilia. Kisha akashika kombeo, akateremka, akazama ndani ya uwele, na uwele ukamfunika kabisa.

Mughwai alimaliza thelathini ya pili. Alikuwa na hasira, si woga, woga ulikuwa bado uko njiani. Alitia risasi ya tatu. Dume lilikuwa palepale, linatafuna. Alilenga, akavuta.

Ta.

Moja, alihesabu. Mbili.

Uwele ukapasuka, na mgongo wa Febronia ukatokea katikati ya uwazi, kati ya mtutu na lile dume, kombeo likizunguka juu ya kichwa chake, akiwapigia nyani kelele kwa Kinyaturu maneno ambayo padri hakumfundisha. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa juu kabisa ya kilengeo cha bunduki.

Sheria ilisema usisogeze mtutu. Mughwai baadaye hakuweza kueleza kama aliamua kuivunja au mikono iliamua yenyewe. Aliisukuma bunduki kushoto kwa nguvu zote, mwili mzima ukafuata, goti likagonga jiwe, na hapohapo bunduki ikalia.

Risasi ilipiga mwamba nyuma ya shamba, ikachomoa kipande cha jiwe, ikaenda zake ikilia. Nyani walikimbia wote kwa mkupuo mmoja. Na Febronia, katikati ya mabua yaliyovunjika, aligeuka, akamwona kaka yake amelala ubavu karibu na jiwe, akadhani ameteleza kwa mguu wake mbovu. Akacheka. Kisha akapiga vigelegele.

Mughwai alibaki palepale akitazama mtutu unavyotoa moshi. Alikuwa amemwogopa Mjapani, alikuwa amewahi kuogopa njaa, lakini woga wa namna hii hakuwa ameupata, wa kumtazama mtu wako anacheka huku unajua kilichomkosa.

Majirani walikuja mbio kwa ule mlio. Jumbe Alute mwenyewe alikuja. Waliona alama nyeupe mwambani wakasema amekosa, lakini si kitu, maadui wametawanyika, na bado kuna risasi tele. Febronia alileta kibuyu cha togwa, akamimina, akampa kaka yake kwanza kwa mikono miwili. Mtu mmoja alisema Mughwai ana akili, wengine wangenunua sita za kung'aa. Ndipo jumbe, ambaye siku hiyo alikuwa na ukarimu usio wa kawaida, akasema jumbe mwenziwe wa jirani naye ana bunduki isiyo na kitu. Akamwuliza Mughwai alikozinunua, ili amtume mtu huko leo hii, kabla hazijakwisha.

Togwa ilikuwa bado mkononi mwa Mughwai. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema zimekwisha, watu wakaenda nyumbani na jina lake likabaki zima. Hakuna aliyeona. Alimtazama Febronia, aliyekuwa anafuta jasho kwa kile kitambaa cha kichwa, na akaona hawezi.

"Msimtume mtu," alisema. "Ni mbovu."

Walicheka, wakamwambia wameisikia kwa masikio yao ikilia.

"Ililia ilipotaka yenyewe," Mughwai alisema. "Nilivuta ikanyamaza. Nikawa nimelenga, nangoja. Ndipo dada akaingia mbele." Alimgeukia Febronia. "Mgongo wako ulikuwa palepale nilipolenga. Risasi ile ilikuwa yako."

Kisha Mughwai aliwaambia yote, kwa Bonifasi, uchagani, thelathini kwa bei ya sita, na kwamba alizichagua kwa pua kwa sababu zilinuka vizuri. Sehemu hiyo ya mwisho ilimwia ngumu kuliko zote, na aliisema akitazama chini. Jumbe Alute alianza kufoka: mchango wa watu, risasi za wizi, boma likisikia sote tumekwisha. Alifoka vya kutosha. Halafu alimtazama Febronia.

Febronia alikuwa amekaa chini. Alikuwa ameuweka mkono wake nyuma, mgongoni, kati ya mabega, anapapasa kama anayetafuta mahali.

"Kesho usije na bunduki, kaka," alisema hatimaye. "Njoo mwenyewe."

Jioni ile kilindo cha Bonifasi kilimwagwa chooni mbele ya jumbe, pamoja na zile zilizobaki kwa Mughwai. Bonifasi alilalamika kwamba mbegu zilizokaa humo humo ziliota zote. Jumbe akamwambia basi asimame hatua ishirini, Mughwai amlenge, avute, halafu wote wahesabu pamoja mpaka thelathini. Bonifasi akashika kilindo, akamalizia kumwaga mwenyewe.

Bunduki ilirudi barazani. Mughwai alikwenda shambani kabla ya mapambazuko, na kesho yake, na keshokutwa. Alipanda dunguni na mguu wake mbovu, akajifunza upya kombeo ambalo hakulishika tangu alipokuwa mchunga ndama. Siku za kwanza mawe yake yalikwenda kokote isipokuwa kwa nyani. Vidole vikachubuka, sauti ikamkauka. Theodora alileta ugali mchana, akarusha mawe yeye naye, na kusema kweli alilenga kuliko mumewe. Majirani walizunguka shamba kwa zamu wakipiga madebe. Nyani walikula kiasi chao, lakini hawakukaa tena kutafuna kwa starehe.

Dunguni watu wawili wakilinda huketi wamepeana migongo, kila mmoja analinda nusu ya shamba, na migongo ikichoka huegemeana. Ndivyo walivyofanya tangu utoto wao, ndivyo anavyofanya kila mtu. Febronia hakuweza. Alikaa ubavu ubavu, amemwelekea kaka yake, hata ikabidi Mughwai ageuke kila mara kutazama pande zote mbili. Hakumlaumu. Alikuwa na hakika kwamba hali itabaki hivyo maisha yao yote, na aliona ni haki ya dada yake.

Siku ya ishirini na mbili masuke yalikuwa yamekauka, kesho yake walikuwa waanze kuvuna. Hata yakipunguzwa na nyani na panya, vilindo viwili vikubwa vingejaa, na hakuna mtu ambaye angekwenda Mkiwa. Mchana joto lilikuwa kali na Febronia alikuwa amelala kidogo tu usiku. Mughwai alisikia miti ya dungu ikilia, mtu anajigeuza nyuma yake. Kisha uzito ukamwegemea, mgongo juu ya mgongo, wenye jasho, ukitulia kidogo kidogo mpaka kichwa cha dada yake kikalala begani mwake.

Inzi walitua usoni mwa Mughwai asiwafukuze, na kombeo likabaki juu ya mapaja yake. Mguu mbovu ukafa ganzi, halafu na ule mzima. Mughwai hakusogea mpaka nyani walipopanda kwenda kulala kwenye mawe yao.